Ndege Ikiruka, Washa

Risasi ya pili ilikata kijiti cha kichaka kando ya sikio lake.

Msumari hakugeuka. Alizidi kukimbia, mgongo umeinama, miguu ikiruka kutoka fundo moja la nyasi hadi jingine. Juu huku hakukuwa na mti hata mmoja. Miti ilikata tamaa huko chini, ikauachia mlima vichaka vifupi vya majani magumu, na nyasi zilizoota mafundo mafundo kama vichwa visivyochanwa. Pa kujificha hapakuwepo, ila ukungu.

Ukungu ulikuwa mbele yake. Akauingia kama mtu anayeingia chumbani kwake.

"Simama! Nimekuona!"

Uongo mtupu. Humo ndani mtu hakuweza kuona hata kamba za viatu vyake.

Msumari alijilaza chini, ubavu juu ya umande ulioganda. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye sura ambayo watu huisahau wakiwa bado wanaitazama. Idara ya ujasusi ilimpa jina hilo kwa sababu ya wembamba. Wenzake walisema hapana, ni kwa sababu mpaka umkanyage ndipo unajua alikuwepo.

"Usipige, kaka," aliita kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Nimekoma. Niko hapa. Njoo."

Mlinzi wa kambi akaja. Pande la mtu, Kalashnikov mkononi, anahema kama aliyebebeshwa gunia. Akaifuata sauti moja kwa moja.

Msumari akampiga mtama akiwa palepale chini.

Bunduki ilitangulia. Mlinzi akafuata nusu: kifua juu ya ukingo, miguu inaelea hewani, mikono miwili imeng'ang'ania fundo moja la nyasi. Chini yake kulikuwa na genge refu la mawe. Msumari alilipita alfajiri akipanda, akalikariri.

"Dada! Nipe mkono!"

"Nitakupa. Yale madumu chini ya maturubai ni ya nini?"

"Petroli! Ya kuchoma mlima! Nipe mkono, dada yangu!"

"Nani anawasha?"

"Kiberiti! Yule mwenye redio!"

"Analala wapi?"

"Hakuna anayejua, anahama kila siku. Haki ya Mungu sijui!"

"Atajuaje kwamba muda umefika?"

Fundo la nyasi lilianza kuachia, mzizi mmoja baada ya mwingine.

"Ndege ikiruka, washa! Ndivyo alivyoambiwa, basi! Ndege ikiruka, washa! Dada!"

Msumari alimtazama. Mtu huyu alikuwa ameiona sura yake kwa karibu, na mtu aliyeshikwa na hofu kama ile hasahau alichokiona. Alirudisha mikono yake kwenye mifuko ya koti, kuipasha moto.

"Umenisaidia sana," alisema.

Nyasi za huko juu zina mizizi mifupi.

Redio ya mlinzi ilikoroma majanini. "Umempata? Wewe! Umempata?" Msumari akaiokota, akaizima, akaitupa imfuate mwenyewe. Kambini wangesema alimfukuza mwizi ukunguni, akateleza. Mlima ule ulikuwa umezoea kusingiziwa.

*

Isuzu nyeupe ilikuwa imeegeshwa kwenye msitu, mwendo mrefu chini ya vichaka. Gari la jokofu, ubavuni limechorwa waridi kubwa jekundu. Kwa miaka mingi Msumari alilitumia kubeba maua hadi uwanja wa ndege, na kati ya maua alibeba vitu ambavyo Idara haikutaka viulizwe. Hata dada yake wa tumbo moja alimjua kama dereva wa maua.

Alifungua simu yake ya setilaiti, Thuraya nyeusi.

"Msumari."

"Sema," alisema Mkuu wake.

"Wamepanga madumu ya petroli mgongo mzima wa mlima. Mijusi wao wameshawakusanya wa kutosha. Waliobaki wanachomwa."

"Wamchome mjusi waliyekuwa wanamtafuta?"

"Haishi mahali pengine popote duniani. Anaishi kwenye vile vichaka na zile nyasi tu. Mlima ukiungua, waliomo kwenye masanduku yao ndio wa mwisho. Watajipangia bei wanayotaka."

"Na bondeni?"

"Upepo wa msimu huu unashuka. Nyasi zimekauka. Moto utafika kijijini kabla watu hawajajua ni moshi wa nini."

"Nitume helikopta."

"Mwashaji ameambiwa ndege ikiruka, awashe. Akiona helikopta hataanza kuchagua aina."

"Askari wa miguu?"

"Mlima mzima, mtu mmoja, njiti moja. Utamtafuta mpaka lini?"

"Tumkamate Profesa, bosi wao."

"Mnunuzi atashtuka, atapanda ndege yake atoroke. Ndege ikiruka..."

"Nimeelewa." Mkuu akashusha pumzi. "Kwa hiyo?"

"Mwashaji anamsikiliza Profesa peke yake. Lazima Profesa mwenyewe amwambie asiwashe."

"Na Profesa ni shemeji yako."

"Ni mume wa dada yangu, ndiyo."

"Msumari, kazi ya ndugu naweza kumpa mwingine."

"Mwingine hana gari la jokofu ambalo Profesa amelikodi kwa kesho," alijibu, akakata.

*

Dada yake alimfungulia mlango akiwa na futi ya kupimia imening'inia shingoni.

"Mdogo wangu! Hebu jione. Hayo maua unayobeba ndiyo yanayokula chakula chako?"

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Ingia, chai ipo. Shemeji yako amegeuza meza yangu kuwa hospitali ya uzazi."

Sebuleni kulikuwa na cherehani karibu na dirisha, vipande vya sare za shule vimelundikana sakafuni. Mama yao alipofariki, Msumari akiwa hajajua hata kujifunga viatu, dada huyu ndiye aliyemlea. Aliacha shule. Alishona mchana na jioni, mdogo wake akasoma. Hakuwahi kumsimanga kwa hilo, hata walipogombana.

Profesa alikuwa ameinama mezani, miwani imeshikiliwa kwa uzi. Mtu mnene, mwenye kicheko kikubwa.

"Shemeji dereva! Njoo uone. Taratibu, usimtishe mzazi."

Juu ya taulo alilala mjusi. Hakuzidi urefu wa kalamu, mkia ukiwemo. Mgongo rangi ya nyasi kavu, mstari mweusi kila ubavu, tumbo la buluu iliyopauka kama shati lililofuliwa mno. Nyuma yake kilitoka kifuko chembamba kinachong'aa. Kifuko kikatikisika, kikapasuka. Kimjusi kidogo kuliko msumari wa kiatu kikatoa kichwa, kikautazama ulimwengu, kikaanza kutembea.

"Hatagi, huyu," Profesa alinong'ona, na macho yake yalikuwa yamelowa kweli. "Mayai yangeganda kule juu. Anazaa. Mimi ndiye niliyemtangaza. Niliandika, nikahutubia, nikaomba msaada. Unajua waliniambia nini? Mjusi ni mjusi. Wanaomjua huyu duniani hawajazi basi dogo."

"Na usiku wa baridi kali anafanyaje?" Msumari aliuliza, akipuliza chai.

"Anazima! Anageuka mweusi tii, anakakamaa kama kijiti. Mara ya kwanza niliwatupa nje nikidhani wamekufa. Jua likawapiga robo saa, wakainuka wakatokomea." Akacheka, akamfunika mjusi kwa kitambaa kwa upole ambao dada mtu hakuwa ameuona kwa miaka. "Ndiyo maana nataka gari lako, shemeji. Digrii kumi na nne, isipande, isishuke. Watulie tu. Wakifika wamezima, mteja atapata kiharusi."

Msumari akanywa chai yake yote.

Baadaye alimfuata Profesa uani, kwenye bomba. Alikuwa ananawa mikono.

"Shemeji, unanuka petroli."

Profesa alisita. Akafunga bomba. Akamtazama kwa muda, kisha akatabasamu, kwa kuwa huyu hakuwa mtu baki.

"Wewe ni wa nyumbani, sikufichi. Kesho tukimaliza, mlima unapigwa kiberiti. Mjusi akiwa mlimani ni mjusi tu, walishaniambia. Akibaki kwenye masanduku yangu peke yake, watamjua. Watapiga magoti."

"Kuna kijiji huko chini."

"Watakimbia."

"Kuna bweni la watoto wadogo."

"Watoto ndio wanaojua kukimbia, shemeji." Alipangusa mikono yake kidole kimoja kimoja. "Nyumba za nyasi zinajengwa upya. Usianze kunililia hapa. Dada yako atahama kwenye hii nyumba ya kupanga, atapumzika na hiyo cherehani. Hutaki?"

"Nataka apumzike."

"Basi kesho endesha vizuri."

Kwa Msumari, hapo ndipo Profesa alipokufa. Yaliyobaki yalikuwa utaratibu tu.

Kabla giza halijaingia, Msumari alifunua boneti kama dereva yeyote anayekagua gari lake. Idara ilikuwa imempeleka kusomea majokofu ili asiumbuke. Alitoa kidude kidogo kama punje ya mchele, akakiunganisha kwenye waya unaotoka kwenye kipimajoto cha nyuma. Kuanzia hapo skrini ya kwenye dashibodi ingesoma kumi na nne, hata nyuma kukigeuka barafu.

Alipokuwa anaaga, dada yake alimshika mkono mlangoni.

"Kesho mwangalie shemeji yako. Siku hizi analala anaweweseka. Sina mwingine mimi, nina nyinyi wawili."

"Nitamwangalia," alisema Msumari.

*

Asubuhi Profesa alipakia masanduku mwenyewe. Hakutaka mtu ayaguse. Kila moja alilibeba kama anabeba mtoto mchanga, akalifunga kwa mkanda, akalisemesha. Kisha akapanda mbele, redio ya mkononi kiunoni, akagonga skrini kwa kidole.

"Kumi na nne. Safi."

"Safi," alisema Msumari, akatia gia.

Barabara ilikuwa ya vumbi na makorongo. Profesa alikuwa na furaha kama bwana harusi. Alisimulia alivyomposa dada mtu, jinsi Msumari, akiwa bado mdogo, alivyomfichia viatu ili asiingie ndani. "Ulikuwa hunitaki kabisa, wewe!" Akacheka mpaka akakohoa. Msumari naye akacheka. Mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye usukani. Wa kushoto, uliokuwa chini karibu na breki ya mkono, ulizungusha kitufe cha jokofu, kidogo kidogo, kila walipokunja kona.

Kumi na nne, ilisema skrini.

Nyuma ilikuwa tatu.

Kiwanja kilikuwa cha zamani, kilichojengewa ndege za kunyunyizia mashamba. Kibanda cha mabati, tangi lenye kutu, na kipande kirefu cha ardhi kilichofyekwa. Cessna ya mizigo ilisimama mwishoni, pua yake imeelekea upepo. Kutoka pale mlima wote ulionekana, mpaka mgongo wake wa kahawia. Na mtu aliyekuwa mgongoni kule naye aliiona ndege.

Mnunuzi aliwasubiri kando ya meza ya kukunja. Mgeni, mrefu, mkavu, mikono imevaa glovu nyeupe za pamba jua kali lile. Wote walimwita Glovu. Alizungumza Kiswahili fasaha kisicho na joto lolote, kana kwamba alikitoa dukani kikiwa kwenye karatasi yake. Nyuma yake alisimama mlinzi wake, Bega, jitu lenye koti lililovimba upande mmoja.

Profesa alikwenda mbio kumsalimu Glovu. Msumari akazunguka nyuma ya gari, akajikuta, kama kwa bahati, karibu na Bega.

"Kaka, nipe ya chai."

"Chai ya kazi gani?"

"Ya macho yangu." Akapunguza sauti, akatazama pembeni kama mwizi wa kuku. "Mimi sijui lolote, naendesha tu. Lakini jana kuna masanduku tuliyashusha njiani. Kwa bwana mwingine. Haya aliyonayo leo aliyafunga mwenyewe, hataki mtu achungulie. Usiseme ni mimi."

Bega alimkazia macho. Akamtia noti kiganjani, akaenda kumnong'oneza bosi wake.

Glovu hakubadilika uso. Alisema tu, "Fungua, Profesa."

Profesa alibeba sanduku la kwanza hadi mezani, akalifungua vibana, akainua kifuniko kwa mikono miwili kama mtu anayefunua zawadi.

Weusi mtupu.

Walilala mistari mistari juu ya pamba, weusi kama mkaa, miguu imekauka, macho yamefumba. Hakuna aliyepumua.

Glovu alimshika mmoja mkia, akamnyanyua. Mjusi alisimama hewani kama kijiti. Akamwachia. Akagonga meza, ta.

"Hapana, hapana," Profesa alisema. "Wamelala. Ni baridi tu hiyo! Wapewe jua robo saa, utawaona."

"Bega. Skrini."

Bega alichungulia dashibodi. "Kumi na nne, bosi."

"Kumi na nne," Glovu akarudia. "Wewe ndiye uliyeniambia kumi na nne haiwadhuru."

Profesa akakimbilia mbele, akatazama skrini. Akakimbilia nyuma, akaingiza mkono kwenye jokofu, akautoa haraka kama aliyeumwa. Aligeuka polepole. Macho yake yakamtafuta Msumari, yakamkuta ameegemea tairi, anatafuna ubua wa nyasi.

Akajua.

"Ni huyu!" Sauti ilimpasuka. "Amechezea mashine! Amewagandisha!"

"Huyu ni ndugu wa mkeo," Glovu alisema. "Uliniapia kuwa unamwamini kuliko mkono wako wa kulia."

"Shemeji! Waambie! Waambie ulichofanya!"

"Mimi ni dereva tu," alisema Msumari.

Bega akatoa bastola, akaibana kisogoni kwa Profesa. Glovu akavuta kiti, akaketi, akakunja nne.

"Sasa tuelewane. Hawa wamekufa. Walio hai uliwauzia mwingine. Na mtu wako yuko kule juu na petroli niliyoinunua mimi. Nikiondoka hapa, mlima unaungua, na huyo mwingine anabaki na mijusi peke yake duniani. Nimemtajirisha mtu nisiyemjua." Akatikisa kichwa. "Mwite mtu wako. Asiwashe."

"Bwana, nakuapia..."

"Mlima ndio pekee uliobaki na bidhaa yangu. Mwite."

Profesa alichomoa redio kiunoni, ikamponyoka mara mbili.

"Kiberiti. Kiberiti, unanisikia?"

"Nakusikia, Profesa. Naiona ndege. Bado haijaruka."

"Usiwashe. Hata ikiruka, usiwashe. Umenisikia?"

"Nisiwashe?"

"Usiwashe! Acha kila kitu, shuka. Kazi imekufa."

"Sawa, mkubwa. Nashuka." Kisha, kwa sauti ya mtu aliyefurahi: "Huku baridi imenizidi."

Kwenye njia ya kushukia, watu wawili wa Idara walikuwa wanakata kuni tangu alfajiri.

Profesa aliweka redio mezani. Jua lilikuwa limelifikia sanduku. Akalielekeza kwa vidole vyote, machozi yakimtiririka mpaka kwenye ndevu. "Sasa tungoje. Nakuomba. Robo saa. Basi dakika kumi! Utaona mwenyewe!"

Mkono wa Msumari ulikuwa tayari nyuma ya feni ya jokofu, umeishika Glock aliyoificha humo. Bega alikuwa amempa mgongo. Glovu alikuwa anatazama glovu zake. Nafasi ilikuwepo, pana, ya kutosha.

Akaiacha ipite.

Profesa aliye hai angeweza kuinyakua ile redio tena. Hilo ndilo alilojiambia, na lilikuwa kweli. Lakini pia aliukumbuka mkono ule ukipanguswa kidole kimoja kimoja pale bombani, na moyo wake haukupinga.

"Sina desturi ya kungoja maiti zifufuke," Glovu alisema.

Bega akafyatua.

Profesa alianguka kifudifudi juu ya meza ya kukunja, meza ikakunjika, sanduku likapinduka. Mijusi wakamwagika vumbini, juani, karibu na uso wake. Bati la kibanda lililia kwa joto.

Halafu mkia mmoja ukasogea.

Glovu ndiye aliyeuona kwanza. Weusi ulikuwa unapauka mgongoni, ukigeuka kijivu, ukigeuka rangi ya nyasi. Jicho likafumbuka. Mguu ukajikunja. Mjusi mmoja alijiinua, akakimbia juu ya mkono wa maiti, akaingia kwenye mkono wa shati. Wa pili akafuata. Wa tatu.

Glovu akarudi hatua moja nyuma.

"Alikwambia robo saa," alisema Msumari nyuma yake.

Bega aligeuka haraka kwa mtu wa ukubwa wake, ila haikutosha. Glock ilibweka mara moja. Akakaa chini kama mtu aliyechoka, akalala hivyohivyo. Rubani, aliyekuwa na akili zake, alishuka na kulala kifudifudi bila kuambiwa.

Glovu aliinua mikono yake myeupe juu.

"Una bei gani?"

"Okota mijusi."

"Sikukusikia."

"Wote. Mmoja mmoja. Kwa upole."

Aliokota akiwa amepiga magoti kwenye vumbi lenye damu, Glock ikimwangalia utosini. Wale walioingia kwenye shati la Profesa ilibidi awatafute humohumo kwa vidole. Glovu zilipomaliza kazi hazikuwa nyeupe tena. Msumari akamfunga rubani kwa waya kwenye nguzo ya kibanda, akapanga masanduku yote mbele, kwenye kiti alichokalia shemeji yake, kipasha joto kimewashwa.

Kisha akafungua mlango wa nyuma. Ukungu wa jokofu ukamwagika nje.

"Ingia."

"Humo? Nitaganda!"

"Skrini inasema kumi na nne," alisema Msumari. "Si uliambiwa haidhuru?"

Akamsukuma kwa kisigino, akateremsha komeo, akaenda mbele kuzungusha kitufe cha jokofu mpaka mwisho.

Njiani alisikia ngumi zikipigwa ukutani. Baada ya kilima cha kwanza zilipungua. Baada ya cha pili zikanyamaza. Alipiga simu.

"Msumari."

"Mwashaji tunaye," alisema Mkuu. "Petroli inateremshwa. Mnunuzi yuko hai?"

"Sijafungua kuangalia."

"Msumari!"

"Nitampunguzia baridi. Waambie askari wa wanyamapori wanipokee njia panda. Kuna abiria wao mbele hapa, wameanza kuchangamka."

Glovu alitolewa akiwa hai, ila hakuweza kusimama, na vidole vyake viwili havikuwahi kumtii tena. Masanduku yalipanda mlimani mchana uleule. Profesa alibaki nyuma kiwanjani chini ya turubai, akingoja gari la maiti.

*

Jua lilikuwa linapungua aliposimamisha Isuzu mbele ya nyumba ya dada yake. Alikuwa amenawa mikono tu.

Dada mtu alimwona peke yake. Akaitazama njia nyuma yake. Futi ilikuwa bado shingoni.

"Yuko wapi?"

"Keti, dada."

"Sikai. Yuko wapi?"

"Amefariki. Amepigwa risasi kiwanjani."

Hakupiga ukelele. Alishika mlango tu, vidole vikakwaruza rangi.

"Nani?"

"Mtu aliyekuwa anafanya naye biashara. Wamemkamata."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Hapohapo. Hatua chache."

"Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Na hukufanya kitu?"

Msumari aliweza kudanganya. Alikuwa amedanganya mawaziri, makachero, na mwanamke huyuhuyu kwa miaka chungu nzima, bila kupepesa kope. Lakini leo ulimi ulikataa, na ukweli wote haukuruhusiwa kutoka. Moto, petroli, bweni la watoto: vyote vilikwisha kupigwa muhuri wa siri. Mjane huyu angekwenda kaburini bila kujua mumewe alikuwa amepanga nini.

"Nilifanya kazi yangu," alisema.

Dada yake alimtazama viatu, akampandisha mpaka usoni, kama anampima nguo. Alichukua muda. Kulikuwa na doa dogo la kahawia kwenye kola ya koti.

"Kazi yako ni kubeba maua."

Msumari aliifunika kola kwa kiganja.

"Nilikuambia umwangalie."

"Nilimwangalia."

Kofi lilimpata shavuni, la mkono uliozoea mkasi, zito. Hakulikwepa. Akangoja kama lipo la pili. Halikuja.

"Toka," alisema dada yake, kwa sauti ndogo sana. "Toka, na usije kunizikia mume wangu. Usije arobaini, usije kamwe. Nilidhani nimelea mtu."

Msumari aliinamisha kichwa, akashuka ngazi. Simu ilitetemeka mfukoni kabla hajafika garini.

"Umemwambia?" aliuliza Mkuu.

"Kile kinachoruhusiwa."

"Analia?"

"Bado."

"Na wewe?"

Alifungua mlango wa dereva, akapanda, akarekebisha kioo.

"Nina gari la kuosha," alisema.

Akakata simu. Akatia gia ya kwanza, akaondoka taratibu, asije akatimua vumbi mlangoni kwa mfiwa.